BYSSINUS: Neno la Vulgata na nguo ya Bibi-arusi wa Mwana-kondoo



Katika sura ya 19 ya Apokalipsi, Mtakatifu Yoane atuonyesha arusi ya Mwana-kondoo. Bibi-arusi amejiweka tayari, naye amepewa nguo ya kuvaa. Vulgata yaitaja nguo hiyo kwa neno moja: byssinum. Si neno la kila siku. Fratri hakulisoma katika Kaisari wala katika Cicero alipokuwa seminari ndogo. Anapolikuta katika Maandiko Matakatifu, mara nyingi apita mbio, akijisemea kwamba ni nguo nzuri tu, basi.

Lakini makatekista wanaulizwa na watu: hiyo ni nguo ya namna gani? Mmoja ajibu: ni hariri, kwani ni nguo ya bei kubwa. Wa pili ajibu: ni pamba, kwani nguo nyeupe tunazozijua sisi ni za pamba. Wa tatu asema: ni kitani, lakini hawezi kueleza kitani ni kitu gani. Majibu matatu kwa swali moja ni mengi mno. Na tusidhani kwamba ni ugomvi wa maneno matupu. Yoane mwenyewe aongeza mara moja kwamba kitambaa hicho ni matendo ya haki ya watakatifu. Asiyekijua kitambaa, atauelewaje mfano?

Basi tulichungue neno hili kwa utaratibu: kwanza asili yake, halafu kitu kinachotajwa, halafu sarufi yake, halafu tafsiri yake kwa Kiswahili. Mwishoni tutaona faida yake kwa mahubiri.

I. ASILI YA NENO

Byssinus ni neno la sifa. Limetoka katika jina byssus, nalo jina hilo si la Kilatini asilia. Warumi walilipokea kwa Wagreki, waliosema byssos kwa jina na byssinos kwa sifa. Wagreki nao walilipokea kwa watu wa mashariki, wenye lugha za jamaa ya Kisemiti. Kwa Kiebrania ni buts. Katika lugha ya kale ya Babiloni ni busu. Neno lilisafiri pamoja na kitu chenyewe, kama ilivyo desturi ya biashara: bidhaa ikivuka bahari, jina lake huvuka pamoja nayo. Hata sisi tumepata majina mengi ya nguo kwa njia hiyo hiyo.

Katika Agano la Kale kwa Kiebrania, buts laonekana hasa katika vitabu vya nyuma, kama vile Paralipomena (ndivyo tuviitavyo Nyakati) na Estera. Vitabu vya Musa vyatumia neno lingine, shesh, ambalo Waebrania walilitwaa Misri. Ndilo neno la nguo aliyovikwa Yosefu na Farao (Mwanzo 41, 42), na la mapazia ya Hema Takatifu (Kutoka 26, 1). Wale Wayahudi wa Aleksandria walioigeuza Biblia kwa Kigreki, wanaoitwa Sabini, waliyatafsiri yote mawili, shesh na buts, kwa byssos. Wao walikaa Misri, nao walikijua kitambaa kwa macho na kwa mikono. Kwa hiyo ushuhuda wao una uzito.

Hapa fratri ajihadhari na mtego mmoja. Tunajua neno abyssus, maana yake shimo lisilo na mwisho. Mtu aweza kudhani kwamba abyssus na byssus ni ndugu. Sivyo. Wagreki walikuwa na majina mawili yanayofanana: byssós, lenye mkazo mwishoni, maana yake chini kabisa ya maji, na býssos, lenye mkazo mwanzoni, ndicho kitambaa. Abyssus latoka katika lile la kwanza: a- ya kukanusha, basi ni mahali pasipo na chini. Halina uhusiano wowote na nguo.

Kufanana huko kulizaa kosa maarufu. Aristotele aliandika kwamba chaza fulani wakubwa, waitwao pinna, huota kutoka byssós, yaani kutoka chini ya bahari. Katika karne ya 15 Theodoro wa Gaza alipogeuza kitabu hicho kwa Kilatini, aliandika byssus, na wasomaji wakadhani ni jina la nyuzi ambazo chaza hao hujishikizia nazo chini ya maji. Tangu hapo wataalamu wa viumbe huziita nyuzi hizo byssus mpaka leo. Na kwa kuwa zamani watu wa pwani za Italia walifuma nguo kwa nyuzi hizo, wengine wamesema kwamba byssus ya Biblia ilitoka baharini. Jambo hilo halina msingi katika Maandiko.

II. JE, NI HARIRI, NI PAMBA, AU NI KITANI?

Si hariri. Hoja yake iko katika Apokalipsi yenyewe. Katika sura ya 18, mstari wa 12, Yoane ahesabu bidhaa za wafanyabiashara wanaoulilia mji wa Babiloni. Atataja byssus, halafu zambarau, halafu sericum, halafu nguo nyekundu. Sericum ndiyo hariri; jina lake latokana na Seres, watu wa mashariki ya mbali waliojulikana kwa hariri. Kama byssus na sericum zingekuwa kitu kimoja, Yoane asingezihesabu mara mbili katika mstari mmoja. Katekista anayetafsiri byssus kwa hariri, afanye nini akifika neno sericum? Hana neno tena.

Lakini msomaji mwangalifu ataleta neno la kupinga. Katika Kitabu cha Estera, Mtakatifu Yeronimo mwenyewe aligeuza buts kwa namna mbili: katika 1, 6 aliandika funibus byssinis, kamba za byssus, lakini katika 8, 15 aliandika serico pallio, joho la hariri, ingawa Kiebrania ni buts mahali pote pawili. Ni kweli. Yeronimo hakujifunga kutumia neno moja kila mara. Tusijenge juu ya mahali pamoja tu. Tutazame mwenendo wa Biblia nzima.

Je, ni pamba? Hapa shauri lilikuwa gumu kwa muda mrefu. Wataalamu wengi wa Ulaya walisema kwamba byssus ni pamba. Hata jina la ugonjwa wa mapafu unaowashika watu wanaofanya kazi katika vumbi la pamba, byssinosis, laonyesha mawazo hayo. Wapo pia waandishi wa zamani waliolitumia neno kwa uhuru: Philostrato, Mgreki wa karne ya 3, asema kwamba byssus ya India huota juu ya mti, na kwa hakika hiyo ni pamba.

Lakini tuiulize Misri, kwani byssus ya Biblia imeungana na Misri. Herodoto, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristu, asimulia namna Wamisri walivyozika maiti zao: waliwafunga kwa vipande vya sindon ya byssus. Nguo hizo hazikupotea. Maelfu ya maiti zilizokaushwa yamepatikana makaburini. Katika miaka ya 1830 wataalamu wa Uingereza walizitazama nyuzi zake kwa mikroskopi. Uzi wa pamba, ukiutazama hivyo, ni kama utepe bapa uliosokotwa. Uzi wa kitani ni kama fimbo ya mwanzi, mviringo, wenye vifundo. Na nyuzi za maiti za Misri zilikuwa kama fimbo ya mwanzi. Basi kitambaa ambacho Herodoto alikiita byssus kilikuwa kitani. Zaidi ya hayo, Herodoto aliijua pamba, naye aliiita kwa jina lingine, sufu ya miti.

Shahidi mwingine ni jiwe la Rosetta la mwaka 196 kabla ya Kristu, lililoandikwa kwa Kimisri na kwa Kigreki. Linasema kwamba mfalme Ptolemeo wa 5 aliyapunguzia mahekalu theluthi mbili za nguo za byssus walizopaswa kumtolea. Hapo Kigreki chatumia sifa ile ile, byssinos, pamoja na neno othonia, nguo za kitani. Na hilo othonia ndilo Mtakatifu Yoane alilolitumia katika Evanjili kwa nguo zilizobaki katika kaburi tupu la Bwana wetu.

Biblia nayo inalo neno lake kwa pamba. Ni karpas, nalo limo katika Estera 1, 6, mstari ule ule wenye kamba za byssus. Neno hilo lilitoka India. Vulgata yasema hapo carbasini. Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, naye aliitaja pamba kwa jina gossypion. Lakini byssinum aliiweka kati ya aina za kitani, akasema kwamba ile ya Elis katika nchi ya Wagreki iliuzwa zamani denari 4 kwa skripulo moja, kama dhahabu. Skripulo ni kipimo kidogo sana, kinapita gramu 1 kidogo tu.

Twaweza kusema basi bila wasiwasi: katika Maandiko Matakatifu, byssus ni kitani kilicho bora, chenye uzi mwembamba na rangi nyeupe.

III. SARUFI YA NENO

1. Jina byssus, byssi ni la kundi la pili, lakini ni la jinsi ya kike. Mwanafunzi aliyezoea kwamba majina yenye -us ni ya kiume atajikwaa hapa. Katika Kitabu cha Kutoka tunasoma byssus retorta, kitani kilichosokotwa, wala si retortus. Alikumbuke pamoja na wenzake wa namna hiyo: humus, papyrus, na huyo abyssus tuliyemtaja, wote ni wa kike.

2. Sifa ni byssinus, byssina, byssinum. Yafuata bonus, bona, bonum, wala haina shida. Shida ni mkazo wa sauti. Wengi wasoma bys-SI-nus, kwa kufuata divinus na marinus. Inafaa kusoma BYS-si-nus. Sababu ni hii: -inus ziko mbili. Ile ya Kilatini asilia ina i ndefu, nayo yashika mkazo: divinus, marinus, Latinus. Ile iliyotoka kwa Wagreki, yenye kuonyesha kitu kimetengenezwa kwa nini, ina i fupi, na mkazo warudi nyuma: BYSsinus, CEdrinus (wa mwerezi), hyaCINthinus (wa rangi ya samawati), crysTALlinus (wa bilauri). Anayesoma masomo kwa Kilatini mbele ya watu aikumbuke tofauti hiyo.

3. Kilatini kina njia kadhaa za kusema nguo ni ya kitu gani. Yenye -eus ni ya Kilatini chenyewe: lineus, ya kitani, laneus, ya sufu, kama vile aureus, ya dhahabu, na ligneus, ya mti. Yenye -inus fupi ni ya Kigreki: byssinus, na cilicinus, ya manyoya ya mbuzi. Sericus ina -icus, kwa kuwa asili yake ni jina la watu. Hema Takatifu lilikuwa na zote mbili, ya ndani na ya nje: mapazia ya byssus retorta ndani, na saga cilicina, matandiko ya manyoya ya mbuzi, juu yake (Kutoka 26, 1 na 7). Kizuri ndani, kigumu nje: padiri ajue kusoma fundisho hapo.

Tofauti ya lineus na byssinus yaonekana wazi katika 1 Paralipomena 15, 27, Daudi anapolileta Sanduku la Agano Yeruzalemu. Amevaa stola byssina, na pia ephod lineum. Vyote viwili ni kitani. Lineus yataja kitani kwa jumla. Byssinus yataja kilicho bora kati ya kitani. Ni kama sisi tunavyosema unga, halafu tukasema unga mweupe uliochekechwa.

4. Angalia pia kesi. Katika mstari huo, na katika habari ya Yosefu, stola byssina ni ablativus, si nominativus. Maneno yenye maana ya kuvika na kuvaa, kama induere, vestire, amicire, yapenda ablativus ya kile kinachovaliwa. Kwa kuwa vitabu vyetu haviandiki alama ya a ndefu, macho hayaoni tofauti. Ni akili inayopaswa kuiona. Tajiri wa Luka 16, 19 naye alivaa purpura et bysso, ablativus zote mbili.

5. Sasa tufike kwenye byssinum ya Apokalipsi 19. Ni neutrum ya sifa, lakini hakuna jina karibu yake. Sifa imekuwa jina. Jambo hilo ni la kawaida, na kila padiri analivaa asubuhi: alba ni sifa tu, "nyeupe", na jina tunica limeachwa. Vivyo hivyo linteum: kwanza ilikuwa sifa, "cha kitani", halafu ikawa jina la kitambaa cha kitani. Ndicho kitambaa alichojifunga Bwana Yezu alipowaosha mitume miguu (Yoane 13, 4). Na linea, "ya kitani", ikawa uzi wa kitani ambao mjenzi aunyosha ili ukuta uwe sawa. Ndiyo asili ya neno ligne la Kifaransa. Kwa namna hiyo byssinum ni "kilicho cha kitani safi", yaani vazi la kitani safi.

Kiswahili chafanya vilevile. Tunasema wagonjwa, wazee, watakatifu, wala hatuongezi neno watu. Kwa hiyo mwanafunzi asitafute jina lililopotea katika mstari. Limo ndani ya sifa.

IV. TAFSIRI KWA KISWAHILI

Kiswahili hakina sifa ya namna ya lineus au byssinus. Tunatumia -a ya kuunganisha: kikombe cha dhahabu, sanduku la mti, nguo ya sufu. Basi stola byssina ni kanzu ya kitani safi. Ephod lineum ni efodi ya kitani. Byssinum ni vazi la kitani safi, au kitani safi tu.

Wengine wasema: mbona tutumie neno kitani, wakati watu wetu hawakioni kitani mashambani? Pamba tunaijua. Neno hili si geni kama wanavyodhani. Kitani lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kattan. Nalo kattan lina jamaa kubwa ya zamani sana. Ukoo huo huo ulizaa kwa Kiebrania kuttonet, kanzu, ndilo jina la nguo ya Yosefu iliyochovywa damu. Ulizaa kwa Kigreki khiton, na kwa Kilatini tunica. Kumbe tukisema kitani, tumeshika neno lililo ndugu wa maneno ya Biblia yenyewe.

Je, tuseme kitani nzuri au kitani kizuri? Watu hubishana, kwani ki- ya kitani si kiambishi cha asili bali ni sehemu ya neno la Kiarabu. Katekista asipoteze muda: aseme kitani safi. Neno safi halibadiliki, na ugomvi umekwisha.

Kwa kuwaeleza watu, inafaa kuanza na kile wanachokijua. Sufu yatoka kwa kondoo. Hariri yatoka kwa mdudu. Pamba yatoka katika tunda la mmea. Kitani chatoka katika ganda la bua la mmea. Wazee wa Kongo waliijua kazi ya namna hiyo: nguo za rafia za Wakuba wa Kasayi hufumwa kwa nyuzi za majani ya mti. Mkristu aliyeona nguo hizo anaweza kuelewa kwamba jani au bua laweza kuwa vazi la mfalme.

V. FAIDA KWA MAHUBIRI

Sasa tuliweke neno hili katika mimbari. Nani katika Biblia anavaa byssus? Yosefu, siku aliyotolewa gerezani na kuwekwa juu ya Misri. Aroni na wanawe katika kazi ya ukuhani. Daudi mbele ya Sanduku. Mke hodari wa Mithali 31. Hao ni wema. Lakini avaa pia tajiri aliyemwacha Lazaro mlangoni. Na avaa Babiloni, yule mwanamke mwovu wa Apokalipsi 18, 16. Halafu, sura moja mbele, Bibi-arusi wa Mwana-kondoo avaa kitambaa kile kile. Katika Kigreki ni neno moja kabisa mahali pote pawili, byssinon. Vulgata imeandika bysso kwa Babiloni na byssino kwa Bibi-arusi, na kwa hiyo msomaji wa Kilatini aweza asione kwamba Yoane amewaweka wanawake hao wawili uso kwa uso wakiwa na nguo moja.

Basi tofauti yao iko wapi? Haiko katika kitambaa. Babiloni ameongeza zambarau, nyekundu, dhahabu na lulu; Bibi-arusi ana kitani peke yake, chenye kung'aa na cheupe. Nguo ya Babiloni imetoka kwa wafanyabiashara, na katika orodha ya bidhaa zao, mwishoni kabisa, zimo roho za watu. Nguo ya Bibi-arusi haikununuliwa: Yoane asema amepewa. Hapo ndipo neno linapotufundisha. Si kitani kinachomhukumu tajiri, wala si kitani kinachomtakasa mtakatifu. Swali ni hili: umekipata kwa nani, na nani amelala mlangoni pako wakati wewe umekivaa?

Lakini mtu aweza kuuliza: kama vazi limetolewa bure, mbona Yoane asema kwamba ni matendo ya haki ya watakatifu? Ni zawadi au ni kazi? Tukitazama kitani kinavyotengenezwa, tutapata msaada. Mmea unatoka katika ardhi ya Mungu, kwa mvua yake. Lakini nguo haioti shambani. Mmea hung'olewa pamoja na mizizi yake. Hulowekwa majini siku nyingi mpaka ganda lioze, kama mama zetu wanavyoloweka mihogo. Hukaushwa, hupondwa kwa rungu, huchanwa kwa chanuo la chuma, husokotwa uzi, hufumwa. Hata hapo bado si cheupe, ni cha rangi ya majivu au ya majani makavu. Hufuliwa na kuanikwa juani tena na tena, mpaka kiwe cheupe. Kila kitu ni zawadi, na kila kitu kimepita mikononi mwa watu. Hivyo ndivyo Kanisa linavyofundisha juu ya neema na matendo mema: Mungu ndiye anayeanza, naye atupa nguvu ya kutenda; na tukitenda kwa nguvu yake, matendo ni yake na ni yetu pia.

Tertuliano, Mwafrika wa Kartago, alilishika jambo hilo mapema, karibu na mwaka 200. Alipowaandikia wanawake wakristu juu ya mapambo, aliwashauri wavae hariri ya unyofu, byssinum ya utakatifu, na zambarau ya usafi wa moyo. Angalia: naye ataja hariri na byssinum mbalimbali, tena kitani safi akakipa utakatifu.

Neno la mwisho ni juu ya altare. Mwili wa Bwana ulizungushiwa sindon safi (Mateo 27, 59). Kitabu cha maisha ya Mapapa, Liber Pontificalis, chasimulia kwamba Papa Silvestro aliamuru sadaka isitolewe juu ya hariri wala juu ya nguo ya rangi, bali juu ya kitani kilichozaliwa na ardhi, kwa ukumbusho wa nguo ya kaburi la Bwana. Kwa muda mrefu Kanisa la Kilatini lilishika desturi hiyo kwa nguvu. Mwaka 1819 Idara ya Ibada huko Roma ilidai korporale, alba na amikto ziwe za kitani au za cannabis, wala si za pamba. Sheria ya leo imelegezwa, na kwa mavazi ya ibada, Maelezo ya Jumla ya Misale ya mwaka 2002 (namba 343) yaruhusu pia vitambaa vya asili vya kila nchi. Basi padiri wa misioni ya mbali mwenye korporale ya pamba asifadhaike. Lakini ajue kwa nini babu zetu katika imani walichagua kitani, na aifue korporale yake iwe nyeupe, maana kitambaa hicho chakumbusha kaburi tupu na karamu ya arusi kwa mara moja.

Kwa kifupi, mafratri na makatekista wayashike haya matano:

Byssus ni jina la jinsi ya kike. Byssinus ni sifa yake, na mkazo uko mwanzoni.

Katika Biblia yataja kitani bora, si hariri wala pamba.

Byssinum katika Apokalipsi 19 ni sifa iliyokuwa jina, kama alba na linteum.

Kwa Kiswahili tuseme kitani safi, au vazi la kitani safi.

Na tunapohubiri, tusiwaambie maskini kwamba Bibi-arusi wa Kristu amevaa hariri ya matajiri. Amevaa kitu kilichoota ardhini, kikaloweshwa, kikapondwa, kikaanikwa juani, mpaka kikang'aa. Mjane anayemtunza yatima, kijana anayekataa rushwa, katekista anayetembea kwa miguu siku nzima ili mgonjwa asife bila sala: hao wanasokota uzi huo leo hii.